Shangazi wa Maji na Sabuni

Shangazi huosha hata kipande cha sabuni kabla ya kukitumia. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji, na sauti yake humtangulia chumbani: "Nani kaacha uchafu huu?" Binti wa kaka yake aliposafiri akamwachia chinchila wake, vinyama vya manyoya mazito wanaofugwa ndani, alimweleza kwamba hawa huoga vumbi tu, hawaguswi na maji. Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Kuoga vumbi! Mwanangu, chuo kimekuharibu." Kulipopambazuka jike mmoja alikuwa amezaa watoto wawili, wamechafuka damu. Shangazi alimchukua mmoja akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu na povu, kama alivyowaogesha watoto wote wa ukoo.

Binti aliporudi alimkuta Shangazi jikoni. Ndani ya blauzi alikuwa amembana yule mtoto, ambaye manyoya yake yaligoma kukauka na mwili ulikuwa baridi. Alimdondoshea maziwa kwa bomba la sindano.

"Shangazi, umemwogesha?"

"Nilimwona mchafu." Hakuinua macho. Kile kicheko chake cha jana kilimrudia masikioni.

Mchana mtoto alipata joto, akalamba tone la maziwa, kisha akamkojolea Shangazi kifuani. Doa likatanda kwenye blauzi nyeupe. Binti akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Liache," Shangazi alinong'ona. "Liache hapo hapo."