Mbuzi Aliyetundikwa kwa Mikono

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nakata nyama soko la Mwanakwerekwe. Kabla ya hapo nilipaka chokaa nyumba za watu, na baada yake niliuza matikiti. Kazi moja haikuwahi kunikalia. Shule niliiacha darasa la sita. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyesoma. Alikuwa chuo cha uuguzi, na mtihani wa mdomo wa maumbile ya mwili alishaanguka mara moja. Akianguka tena, anarudi nyumbani.

Kilichomshinda ni ukuta wa nyuma wa tumbo.

"Kitabuni kila kitu kimelala bapa, kaka. Sijui kipi kiko mbele ya kipi."

"Ngoja mbuzi wa Idi," nikamwambia.

Idi Kubwa ikaangukia siku tatu kabla ya mtihani. Nilimchinja mbuzi uani kwa mama, Bububu, nikamtundika kwa miguu ya nyuma kama afanyavyo kila mchinjaji, nikatoa matumbo. Figo nikaziacha kwanza, halafu nikazibandua na shahamu yake mbele ya macho ya mdogo wangu. Nyuma yake ikatokea sarara, ndefu, laini, imelala ubavuni mwa uti wa mgongo. Kitabu kilisema huo ndio msuli unaoinua paja. Kando yake kulikuwa na msuli mwingine, mpana, unaoshika ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Katikati ikapita mishipa miwili mikubwa ya damu, mmoja mgumu kama mpira wa maji, wa pili umenywea. Nilipoipasua sarara kwa ncha ya kisu, nyuzi nyeupe za neva zikajitokeza ndani ya nyama. Miaka yote nilizikata bila kuuliza zinakwenda wapi.

"Sarara hiyo niliitaka mishkaki," mama alisema mlangoni.

"Bado nyama, mama."

"Nyama? Hizo zishakuwa kamba za usumba wa nazi."

Mdogo wangu akafumba macho akariri kwa kichwa. Mshipa unaotoka moyoni akauweka upande wa mkono wake wa kushoto. Nikatazama kitabu: umechorwa kulia kwa msomaji. Tukabishana mpaka sauti yake ikaanza kukatika. Alidhani hata mbuzi kamshinda. Ndipo nikakigeuza kitabu juu chini, na picha ikawa mbuzi wetu. Asubuhi nzima nilikuwa namfundisha maumbile ya binadamu aliyening'inizwa kwa visigino.

Nikamshusha mbuzi, nikamtundika upya kwa miguu ya mbele. Jirani yetu, mvuvi aliyestaafu, akaingia kuchukua fungu lake la nyama, akasimama.

"Shikamoo, babu," mdogo wangu akamwamkia.

"Marahaba. Uzee wangu wote sijaona mbuzi anatundikwa kama kanzu."

"Mwache," mama akasema. "Yuko darasani."

Mdogo wangu akaanza upya, kutoka kiwambo cha mapafu hadi nyonga, kidole kikifuata kila mshipa, mara ya kwanza polepole, mara ya tatu huku anacheka. Jirani akakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akasikiliza mpaka mwisho, fungu lake amelisahau.

Siku ya mtihani alirudi adhuhuri. Hakunisalimu. Alinijia kwa nyuma, akanibana kidole chini ya mbavu.

"Hapa pana figo. Nyuma yake?"

"Sarara, na kando yake ule mpana."

"Na mshipa mkuu wa damu?"

"Kushoto kwangu mwenyewe, si kwa anayenitazama."

"Basi," akasema, "tumepita sote wawili."