Yuko Nyumbani Tu

Daftari nilipewa na mdogo wangu, na hasira yangu ilianzia hapo. Alikuwa ametoka semina ya kazini kwake, akapandisha gari mpaka kwetu Akheri, akanikuta nakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo dada. Nimekuletea kitu." Lilikuwa daftari zuri, la jalada gumu. "Wewe unajidharau sana. Kila Jumapili andika mambo matatu uliyoyafanikisha wiki hiyo. Utaona utakavyojisikia."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Moyoni nilikuwa nachemka. Huyu niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi, sasa ana nyumba mjini, Njiro, ana geti na mlinzi wa kulifungua, na cheo kirefu kwenye mradi wa wafadhili. Blauzi zake za zamani ndizo ninazovaa kanisani. Sasa hata kujithamini nipokee kwake, kama mtumba?

Lakini niliandika. Jumapili ya kwanza nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, sikupata kitu. Ya pili nikaandika kwamba nimemtoa ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma. Daktari wa mifugo hakupokea simu, nikajipaka mafuta ya kupikia mpaka viwikoni, nikavuta, na wote wawili wazima. Baadaye nikaandika kwamba miche arobaini ya parachichi niliyoibebesha vikonyo vya aina bora imeshika thelathini na sita. Kwamba nimesimama kwenye mkutano wa mfereji mbele ya wanaume, na zamu yangu ya maji imerudishwa. Kwamba mama, miezi mitano kitandani tangu avunjike nyonga, hana kidonda hata kimoja mgongoni.

Nikisoma mistari ile nilikuwa najiona mtu. Tatizo ni kwamba sikuishia hapo. Nikifunga daftari nafungua simu, naangalia status ya mdogo wangu. Yuko ukumbini na beji shingoni. Yuko uwanja wa ndege na begi la magurudumu. Basi ndama wangu anarudi kuwa ndama, kama ndama wa mtu mwingine yeyote. Nilichojaza kwa daftari nilikimwaga kwa simu, tena Jumapili hiyo hiyo.

Sasa, kwetu sherehe haiendi bila utambulisho. Baba mdogo ndiye hushika kipaza sauti, ndugu wanasimama mmoja mmoja, naye anasema kila mtu ni nani na anafanya nini. Mimi hunimaliza kwa pumzi moja: "Huyu ndiye mkubwa, yuko nyumbani tu, anamwangalia mama." Akifika kwa mdogo wangu anavuta hewa kwanza. Anataja cheo, anataja chuo, anataja nchi alizotembelea, na kina mama wanapiga vigelegele. Nimeyasikia hayo kwenye kila sendofu ya ukoo wetu. Nikipiga makofi viganja vinaniuma.

Mwaka huu mtoto wa kwanza wa mdogo wangu alipata kipaimara, na sherehe ilikuwa kwake Njiro. Wiki moja kabla, baba mdogo alinipigia akikohoa. "Sauti yangu imekwisha. Wewe ndiye mkubwa, utatambulisha wewe."

Wiki nzima nilijifunza maneno yangu nikikamua. Nitasema ndama. Nitasema parachichi, mfereji, na mgongo wa mama. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu watu wanipigie vigelegele mimi.

Siku ikafika. Turubai limejaa, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeshaingizwa, mama tumemketisha mbele kwenye mito. Nikamtambulisha mama, nikamtambulisha baba mdogo. Halafu mdogo wangu akasimama, gauni la lesi, nywele zimetengenezwa saluni, na wageni wakanyamaza kusubiri kile cheo kirefu. Hapo shetani akanipitia.

"Huyu ni mdogo wangu," nikasema. "Yuko mjini tu."

Watu walicheka sana, wakidhani ni utani wa dada. Naye alicheka, kisha akakaa haraka. Nikarudisha kipaza sauti. Mshereheshaji akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, mama?" Nikajibu kwamba wananijua. Maneno yangu ya wiki nzima yakabaki mdomoni.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, nilikuwa jikoni kwake naosha sahani. Akaingia, akafunga mlango.

"Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kuhusu kazi, dada. Mradi ulifungwa tangu mwezi wa sita. Picha ninazoweka kwenye simu ni za zamani. Sijamwambia mtu, hata mama."

Niseme ukweli. Kilichonijia kwanza kilikuwa furaha. Furaha tupu, iliyonipanda mpaka masikioni, na nikainamia karai ili asiione usoni pangu. Nikasuuza sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo nikamtazama. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, amevua viatu, analia bila sauti.

"Leo watu watatu wameniuliza nafanya nini siku hizi," akasema. "Nimebabaika. Wewe wakikuuliza, huwa unajibuje?"

Majibu nilikuwa nayo, kurasa kwa kurasa, na hakuna hata moja niliyowahi kumwambia mtu.

"Huwa sijibu," nikamwambia. "Huwa nainuka nikalete chai."