Mkono Ulioshonwa Tumboni

Kuna muuza maji mmoja hapa mtaani kwetu Isiolo ambaye gurudumu la mkokoteni wake hulia kwa sauti nyembamba, kama ndege mwenye kiu. Kila asubuhi akipita, mimi mtu mzima wa kuitwa bibi hujikuta nimeubana mkono wa kulia tumboni kabla sijajua ninafanya nini. Kigari cha dawa katika wodi yetu kilikuwa kikilia vivyo hivyo. Ukikisikia, ulijua bandeji zinakuja kubadilishwa, na wodi nzima ya watoto ilianza kulia kabla hata haijaguswa.

Niwaambieni nilivyofika huko. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayajarudi, nilipojikwaa kwenye mkeka na kuangukia makaa ya jiko, kiganja kikiwa wazi. Ayeyo, mama mzaa baba yangu, alipaka samli na asali, akafunga kitambaa safi, akasoma dua. Kidonda kilipona. Lakini vidole vilipona vikiwa vimelala ndani ya kiganja, vimeshikana na ngozi, na mkono ukabaki umefumba.

Madrasani wenzangu waliniita Ngumi. Hilo nililizoea, maana jina hilo lilikuwa na faida yake wakati wa ugomvi. Lililonishinda lilikuwa sahani. Kwetu mtu hula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi zake. Basi ayeyo alinilisha, tonge baada ya tonge, mpaka nikawa msichana mkubwa wa kuona haya. Wageni wakija, nilisema nimeshiba.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho daktari wa hapa mjini alipotuandikia twende Nairobi, kwenye ile hospitali kubwa wanakofundishwa madaktari. Wakati huo mama alikuwa na mtoto mchanga, Shamsa, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Tuliambiwa mapema kwamba wodi ya upasuaji haipokei mtoto mchanga asiyeumwa. Baba alikuwa dereva wa lori, leo Sericho, kesho Nairobi, na hakuwa mtu wa kulea. Ayeyo ndiye aliyekata shauri. "Mwache kwangu," alimwambia mama. "Nililea kabla yako, na maziwa ya ngamia yapo."

Mama alimnyonyesha Shamsa kwa muda mrefu sana siku ile, baba akipiga honi nje, kisha tukapanda lori, mbuzi wa soko wakipiga kelele nyuma yetu.

Nairobi ilikuwa baridi. Kila asubuhi profesa, mzee mwembamba mwenye miwani mizito, aliingia wodini na kundi la wanafunzi wenye makoti meupe. Walizunguka kitanda changu, wakaushika mkono wangu kwa zamu, wakizungumza Kiingereza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni ramani. Siku moja profesa aliinama akaniuliza kwa Kiswahili, "Unataka mkono huu ufanye kazi gani?"

"Kula wali," nikasema.

Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka. "Basi tutaufungulia njia ya wali," akasema.

Mwanafunzi mmoja, Muthoni, msichana wa Meru ambaye Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, alibaki nyuma kumweleza mama. Alisema vidole vitafunguliwa, na vikifunguliwa kiganja kitabaki bila ngozi. Ngozi itatoka tumboni mwangu, lakini haitakatwa yote mara moja.

"Mkono tutaushona kwa tumbo, mama, ukae hapo wiki kadhaa."

"Kushona? Kama gunia?"

"Kama kiraka. Lakini hiki kiraka kiko hai. Kwanza kinanyonya damu ya tumbo, mpaka kiganja kizoee kukilisha. Ukikitoa mapema, kinakufa."

Mama aliinamisha kichwa, akavuta leso yake kifuani. Muthoni alidhani ameogopa upasuaji, akamshika bega.

Nilipozinduka, mkono wangu ulikuwa umeganda tumboni kwa nyuzi na plasta, na tangu siku hiyo nikawa mzigo wa mama. Alinilisha, akaniosha, akanikuna pua, akaniwekea vitambaa kwapani ngozi isichubuke, akanigeuza taratibu kama mtu anayegeuza chapati isiyoiva. Hakuthubutu kulala, maana nikijivuta usingizini nyuzi zingekatika. Alisinzia mchana, ameketi, paji la uso kwenye ukingo wa godoro langu, na mtoto wa kitanda cha pili akiomba maji, ni yeye aliyeamka. Ayeyo alikuwa na msemo: mgonjwa huzungukwa na watu, anayeuguza huzungukwa na kazi. Kule hata hao watu hawakuwapo.

"Mama Halima," sista wa wodi alimwambia, "nenda ulale kwa benchi kidogo. Mimi nitamwangalia."

"Na akijivuta, sista?"

"Nitamshika."

"Wewe uko na watoto wengi," mama alijibu, na hakuondoka.

Mahali pekee alipokwenda palikuwa bafuni. Alikwenda mara nyingi, akarudi na gauni lililolowa kifuani na macho mekundu. Nilidhani anafua. Wakati mwingine alinukia maziwa yaliyochacha, nami nikageuza uso. Nikimsimulia jambo, aliitikia "mm", kisha kichwa kikaanguka. Siku moja niliona uchungu nikamuuliza, "Mama, umenichoka?"

"Nimechoka, Halima. Lakini sijakuchoka wewe."

Kisha ikaja asubuhi ambayo ukingo wa ile ngozi ulikuwa umegeuka rangi, mweusi unaoelekea bluu. Profesa alibonyeza kwa ncha ya kidole, akaachia, akasubiri damu irudi. Akabonyeza tena. Mama alisimama nyuma ya makoti meupe, akichungulia katikati ya mabega, midomo ikicheza kwa dua.

"Ngozi inakufa?" alimuuliza Muthoni.

"Haijafa. Tunangoja."

Profesa alilegeza nyuzi mbili, akabadilisha namna kiwiko kilivyowekwa, akaagiza nisisogezwe kabisa. Mama aliketi akiushikilia mkono wangu kwa mikono yake miwili tangu asubuhi hiyo hadi madaktari waliporudi siku ya pili, na sista alipomletea chai, alimnywesha kwa kikombe kama mama alivyokuwa akininywesha mimi. Rangi ilirudi polepole, isipokuwa kipande kidogo ukingoni kilichokauka kikadondoka. Profesa aliponitazama alisema neno moja tu: "Vizuri." Muthoni ndiye aliyelia.

Wiki zilipotimia, mkono ulitenganishwa na tumbo, ukafungwa plasta, halafu yakaja mazoezi ya kukunja na kukunjua ambayo nisingependa kuyasimulia. Niliondoka na kiganja kinene cha nyama ya tumbo. Nikinenepa, nacho hunenepa. Wajukuu wangu hukibonyeza wakacheka.

Tulirudi Isiolo upepo ukipeperusha vumbi. Ayeyo alikuwa amepika, uwanja umejaa majirani. Mama alishuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwa Shamsa, aliyekuwa mgongoni mwa ayeyo. Alimwita. Mtoto alimtazama, kisha akaficha uso shingoni mwa ayeyo. Mama alimchukua kwa nguvu kidogo, akafungua gauni. Shamsa alijipinda, akapiga kelele, akanyoosha mikono kurudi alikotoka.

Wakati huohuo nilikuwa nimeketishwa mbele ya sinia. Niliingiza mkono wa kulia kwenye wali. Mwingi ulidondoka kati ya vidole, lakini kidogo kilifika mdomoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilipoinua macho mama alikuwa analia. "Mwacheni," jirani mmoja alisema, "ni furaha." Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Miaka ya themanini niliolewa, nikajifungua, na nilipokuwa bado nanyonyesha, nililazimika kumwacha mtoto nyumbani nikaenda mazishini mbali. Kabla ya jua kutua kifua kilijaa kikauma kama jipu. Niliingia bafuni kwa watu nikakamua maziwa, nikayatazama yakienda na maji. Hapo ndipo nilipojua mama alikuwa anafanya nini kule bafuni, siku zote zile, mpaka yakakauka.

Niliporudi nilimkuta mama ameketi barazani, amezeeka kabla ya wakati. Nilimuuliza aliwezaje kumwacha Shamsa.

"Shamsa alikuwa na ayeyo," akasema. "Wewe kule ulikuwa na nani?"

Aliegemea ukuta, macho yamefumba. Niliketi karibu naye, nikawazuia watoto wasipige kelele, akalala.