Kauri Iliyobanduka kwa Shemeji

Wekeni dau, maana najua hakuna atakayeamini: Fundi Kauri, mtu mwenye domo kubwa kuliko tanuri lake, alinyamazishwa na kipande cha mkate.

Kazi yake ni meno. Swahiba wake huyeyusha chuma na kutengeneza kofia ndogo ya kuvisha jino. Yeye hupaka kauri juu yake, anachoma, jino linang'aa utadhani mtu kazaliwa nalo. "Kauri yangu," husema, "ng'ata hata kitasa, kitang'oka kitasa!"

Basi mdogo wa mkewe akaingia karakana, kaziba mdomo kwa leso.

"Shemeji, kitasa sijakigusa. Ni mkate tu."

"Mkate wa saruji huo!"

"Cheka wewe. Mimi hata kucheka siwezi."

Akafungua leso: jino la fundi limechomoka, kauri kando, chuma kando. Fundi akaligeuza kwenye taa. Kicheko kikamkauka. Kauri ikivunjika yenyewe, huacha mabaki kwenye chuma. Hii ilitoka yote, kama ganda la yai la kuchemsha, na chuma cheusi tii. Chuma kizuri kikipata moto huota utando mwembamba, kauri inang'ang'ania hapo. Kilichoyeyushwa tena na tena huota utando mnene mweusi, nao hubanduka na kauri yake.

Akavuta droo ya swahiba, aliyekuwa kainamia kazi pembeni. Imejaa vipande vya chuma vilivyokatwa kwenye kofia za zamani.

"Ndugu yangu, kumbe unanipa makombo?"

Swahiba hakuinua hata kichwa. "Hata meno mengine yamebanduka. Nimeshamwambia daktari mkono wako umechoka."

"Umemwambia lini?"

"Mwezi uliopita."

Mwezi mzima! Na jana tu wamekula sahani moja, wakitaniana. Kazi zao zote zinatoka kwa daktari huyo. Fundi akisemwa kachoka, ndiyo kwisha habari yake.

Akamfuata daktari, jino mkononi, kifua kinawaka. Akamwaga yote. Daktari akakwaruza chuma kwa ukucha, akaguna.

"Nimekuelewa. Rafiki yako simtaki tena. Lakini fundi, kofia hupita mikononi mwako kabla ya kauri. Hukuona imekuwa nyeusi?"

Kwa domo lile, uongo ulikuwa karibu. Hakuutoa.

"Niliiona, nikapaka hivyohivyo kwa sababu imetoka kwa rafiki yangu. Hapo nilikosea."

Tangu siku hiyo, habari ya kung'ata kitasa hajaitaja tena.