Video ya Kumpelekea Bibi Tongoni

Mimi ni fundi cherehani, na umbea wangu wote uko kwenye vitu. Watu wakigombana barabarani sigeuzi shingo, lakini cherehani ya jirani ikitoa mlio nisioujua, sipati raha mpaka nijue mlio umetoka wapi. Ndiyo maana nilipopata simu yenye kamera nzuri, kitu cha kwanza nilichokirekodi kilikuwa sindano yangu mwenyewe, ikishuka na kupanda, ili nione uzi wa chini unavyodakwa na uzi wa juu. Nilikuwa nimeshona zaidi ya miaka ishirini bila kuliona jambo hilo kwa macho. Niliitazama video ile mpaka chai ikapoa.

Wateja wangu walinicheka. Mmoja hakucheka, naye ni jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, ambaye wakati huo alikuwa anamwoza binti yake. Alikuja na ombi: kwa kuwa mimi ni mwanamke, nimrekodie shughuli ya wanawake, mwanzo mpaka mwisho, kwa ajili ya mama yake mzazi. Bibi huyo ndiye aliyemlea bi harusi tangu alipoachishwa ziwa, na sasa alikuwa kitandani Tongoni, nyonga imevunjika, hawezi hata kukalishwa vizuri, seuze kusafirishwa. Nilikuwa sijawahi kutengeneza video ya maana maishani mwangu. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Nguo huanza kwa kumpima mtu, kwa hiyo nilitaka kwanza nimwone atakayeitazama hiyo video. Tukaenda Tongoni mimi na jirani yangu. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, uso kuelekea mlangoni, na alipoitikia shikamoo yangu sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko mwili wake. Nikamuuliza angependa kuona nini zaidi: ngoma, maulidi, au bi harusi akitolewa?

"Ngoma naijua, mwanangu," akasema. "Mie nataka kumwona dada yangu. Kama kaja, nimwone kaja. Kama hakuja, nione pahala pake patupu."

Jirani yangu akamwambia kwamba hilo halina shida, hata kwa simu ataambiwa.

"Mtanambia kaja hata kama hakuja, kwa kunionea huruma. Mie mwenyewe nishawadanganya wagonjwa wangapi."

Kisa chenyewe nilikuwa nakijua, maana nusu yake ilipita mezani kwangu. Kwetu harusi haitangazwi kwa kusikika tu. Anatumwa mtu, anafika nyumbani kwako, anakaa, anapewa maji, ndipo anasema nimetumwa na fulani. Jirani yangu alipoolewa, mjumbe alitumwa Ushongo kwa huyo dada mkubwa, lakini kivuko cha Pangani kilimchelewesha kwa siku moja. Siku hiyo hiyo muuza samaki akamfikishia dada habari za harusi ya mpwa wake, barabarani, mbele ya watu. Mjumbe alipofika alikuta mlango umefungwa. Tangu hapo ndugu wawili wa tumbo moja hawakusemeshana, na binti wa ndoa ile sasa naye anaolewa.

Safari hii bibi hakutaka kubahatisha. Miezi miwili kabla, alimtuma binti yake aniletee doti ya kisutu, ile kanga ya harusi, ambayo haijakatwa, vipande viwili bado vimeshikana kama vinavyotoka dukani, nyekundu na nyeusi na nyeupe. Nikaikata mimi, nikapinda mimi. Kipande kimoja alibaki nacho. Cha pili alimpa binti yake akipeleke Ushongo kwa mkono wake mwenyewe, kabla mtu mwingine yeyote hajaalikwa. Dada alikipokea, akasema nimepokea, basi. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Kwa hiyo nilirudi Tanga nikijua vizuri ninachotakiwa kuleta: mwanamke mzee mmoja, amejifunga kipande kile.

Mipango ikanipanda kichwani. Nilichukua karatasi ya kuchorea vipimo vya nguo nikachora ua wa jirani: mlango, turubai litakapofungwa, mikeka, jiko, pale atakapokaa bi harusi. Siku mbili nilikwenda pale saa kumi alasiri kutazama mwanga tu, nimesimama katikati ya ua, watu wakinipita na ndoo zao. Niligundua kwamba ukuta wa mashariki, ambao siku zote nilidhani ni mchafu, saa hiyo unang'aa na kuwarembesha wote wanaoukabili. Nikamfuata bwana mmoja anayepiga video za harusi mjini, nikamkalisha na maswali mpaka akachoka. Akaniambia nisimweke mtu mbele ya dirisha, nisiyumbeyumbe, kila kipande nihesabu pumzi kumi kabla ya kuhamisha simu. Akaniambia pia kwamba watu wanahangaika na picha wakati nusu ya video ni sauti. Yote niliyaandika isipokuwa hilo la mwisho. Nilikuwa nimeshaamua kuweka taarabu juu yake, kama video zote za harusi nilizowahi kuona.

Jirani yangu naye alikuwa na sharti lake. Katika shughuli ya wanawake mabaibui yanavuliwa mlangoni, na huko ndani watu huvaa na kucheza wapendavyo. Video ile isionwe na mwanamume yeyote, tangu nabonyeza mpaka inafika Tongoni. Nilimwapia.

Siku yenyewe nilisimama mlangoni tangu saa tisa, simu juu ya stendi. Nilirekodi miguu ikivua viatu, sinia la maua, wasichana wakifungana mikanda. Kila baibui jeusi lilipotokea kona ya barabara nilinyoosha shingo. Alipofika sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji la uso la mdogo wake, lile lile, na alitembea moja kwa moja mpaka kwangu kana kwamba ni mimi niliyemwalika.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akanyoosha kidole kwenye stendi.

"Hiyo simu yako isinitazame, mwanangu. Sitaki kufa nikabaki nacheka kwenye simu za watu."

Nilimwambia nimesikia. Nilitaka kumweleza habari ya mdogo wake, lakini nyuma yake kulikuwa na foleni, naye akapita. Mlangoni akavua baibui, akalikunja, na hapo nikakiona: kisutu, kimefungwa kiunoni juu ya gauni la kijivu, na upindo wangu kwa chini. Nakiri kwamba machozi yalinitoka, na nilipoyafuta nilimwona jirani yangu naye anafuta yake.

Sasa nifanye nini? Amekuja, amevaa, na amekataa. Nilijizuia kwa karibu saa nzima. Kisha ngoma ilipokolea nikajificha nyuma ya bega la mwanamke mmoja mnene, nikaielekeza simu kule alikokaa, nikamrekodi. Sekunde tisa. Nilizihesabu. Baada ya hapo sikuweza kumtazama usoni, nikahamia upande atakaotokea bi harusi.

Huko nako akanifuata bila kujua. Bi harusi alipotolewa, kigelegele kilipigwa nyuma ya sikio langu, kikali na kirefu, kikakatika katikati, kikanyamaza kwa pumzi nzima, kikaendelea tena. Nikageuka, ndiye yeye. Akarudia mara tatu, na kila mara kikakatika pale pale. Nilidhani ni umri, kifua kimechoka. Niliudhika kidogo, maana kilivuruga sauti ya ile sehemu nzuri kuliko zote, nikajifariji kwamba taarabu itafunika.

Kushona video nilikuwa sijui, na hapo ndipo nilipotaka kuvunja kiapo kwa uzembe. Kesho yake niliingia katika studio moja ya mjini, ya mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, nikamkabidhi kadi ya kumbukumbu ya simu kama mtu anayekabidhi suruali ipunguzwe. Akauliza ni ya nini. Nikasema shughuli ya wanawake. Mkono wake ukarudi nyuma haraka, akaigeuzia skrini ya kompyuta ukutani ingawa ilikuwa haijafunguliwa kitu, akamwita mkewe. Akaniambia kazi za namna hiyo ni za chumba cha ndani, na yeye hata kuingia huko hubisha hodi. Nilijiona mjinga mbele ya muungwana.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache, Kiswahili chake cha Tanga kuliko changu. Nikamwomba asinifanyie, anifundishe. Kwa siku nne nilifunga duka langu mchana nikakaa kwenye kigoda pembeni yake. Nilishangaa kuona jinsi kazi ile inavyofanana na yangu: unatandaza vyote, unatafuta pa kukata, na ukikata vibaya mtu anaonekana kilema. Alinionyesha kwamba mwanamke akianza kugeuka katika kipande kimoja, ukamalizia kugeuka kwake katika kipande kingine, jicho halioni kovu. Nilimrudishia swali hilo hilo kwa njia kumi. Hakuchoka.

Tulipofika kwenye zile sekunde tisa, akatazama mara moja, akauliza, "Huyu alikubali?"

Nikatikisa kichwa. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akakisogeza kwangu, akaenda kuangalia chungu chake jikoni. Nilibaki peke yangu na yule mama wa kwenye skrini, amekaa na kisutu chake, mkono kwenye shavu, anatabasamu kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Picha ilikuwa nzuri. Ndiyo video nzima, hiyo. Kule Tongoni kuna mtu anaisubiri na hana uhakika wa siku zake. Lakini niliikumbuka ile sauti mlangoni, inaniita mwanangu. Nikafuta. Kisha, nikiwa na hasira sijui za nani, nikalaza taarabu juu ya dakika zote kumi na tano.

Tulikwenda Tongoni siku ya Ijumaa, na kompyuta ya kuazima. Tukaiweka juu ya kiti karibu na uso wa bibi, nikafunga dirisha la nyuma yake ili mwanga usimsumbue. Alitazama yote. Alimcheka aliyekanyaga pindo lake mwenyewe, akamlilia kidogo mjukuu wake alipotokea. Ilipokwisha akasubiri, kana kwamba kuna nyingine.

"Dada yangu yuko wapi?"

Nikamweleza kila kitu: paji la uso, gauni la kijivu, kisutu, upindo wangu, katazo. Hata zile sekunde tisa nilimweleza. Jirani yangu akaapa kwamba ni kweli, alimwona kwa macho yake.

"Nilijua mtasema hivyo," akasema bibi, kwa upole kabisa, akageuzia uso ukutani.

Nimeshona nguo zikakataliwa, nimewahi hata kutupiwa moja. Hakuna iliyoniuma vile. Nilikaa pale nimeshika simu, nafungua na kufunga vile vipande vya mwanzo ambavyo havijakatwa, nikitafuta hata kivuli chake, hata ncha ya nguo. Kwenye kipande cha bi harusi kutolewa nilisahau kupunguza sauti. Hakikuwa na taarabu. Kilikuwa kama kilivyokuwa, vyombo vinagongana, mtoto analia, na kigelegele nyuma ya sikio langu kikapanda, kikakatika.

Bibi akainua mkono juu ya shuka.

"Rudisha."

Nikarudisha. Kikapanda, kikakatika, kimya cha pumzi moja, kikaendelea. Nikaanza kumwambia kwamba umri umemchosha, kifua si kile tena.

"Kifua gani?" akasema. Sasa alikuwa ananitazama. "Hivyo ndivyo tulivyofunzwa na mama. Yeye huanza, mie naingia pale kati, yeye humaliza. Tangu wadogo. Kaniachia pahala pangu." Akaigusa simu kwa kidole. "Mbele ya watu wote wale, kaniachia pahala pangu."

Nikaicheza tena bila kuambiwa, simu karibu na sikio lake. Kigelegele kikapanda, kikakatika, na ndani ya kile kimya bibi akapiga chake, amelala, shingo imekaza, chembamba, hakikutetereka. Kikaungana na cha dada yake, wala sikuona kovu. Jirani yangu alitoka nje kulia. Mimi sikutoka, nilitaka kusikia tena.

Tulirudia mara nyingi, sikuhesabu. Alipochoka aliniomba nimpe kile kipande chake cha kisutu kilichokuwa chini ya mto, nikadhani anataka kujifunika.

"Sasa nirekodi mie, umpelekee," akasema. "Sauti tu. Yeye hataki kutazamwa, na mie sitaki anione nimelala."

Nikaifunga kamera kwa ncha ya kisutu, nikahakikisha hakuna mwanga unaopenya, nikabonyeza.