Faili Asiloruhusiwa Kulifungua

Foleni ya dirisha la mapokezi imeshafika mlangoni, na muuguzi wa zamu amesimama nyuma ya karani, akigongagonga kalamu kwenye mgongo wa kiti.

"Dada, niachie wazi tu, naangalia kipimo kimoja."

"Kaangalie kwa jina lako," karani anajibu bila kugeuka. Anabonyeza, skrini inajifunga, ndipo anainuka kwenda kunywa maji. Wenzake humwita Kufuli. Si wote wanaomwita hivyo kwa utani.

Zamani hakuwa hivi. Kompyuta hii humkubali mtu kwa kusuasua, na wagonjwa wakianza kunung'unika, wafanyakazi walikuwa na njia yao ya mkato: anayewahi asubuhi anafungua kwa nywila yake, wengine wote wanapitia humo humo hadi jioni. Asiyekubali aliitwa mchoyo.

"Nami sikutaka kuitwa mchoyo," anasema. "Wema wangu ndio ulioniponza."

Mwaka jana, siku aliyofungua yeye, kuna mtu aliingia kwenye faili la wifi wa Kufuli, mke wa kaka yake, anayetibiwa hapa hapa. Ugonjwa wenyewe hautaandikwa katika simulizi hii. Umeshatembea midomoni vya kutosha. Kufuli alipofika nyumbani jioni, habari ilikuwa imemtangulia, imeshakaa sebuleni na mama yake.

"Mama akanijia juu: 'Ulijua ukanificha mimi mzazi wako?' Wifi naye analia: 'Kumbe ndiwe uliyenianika!' Haki ya Mungu, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua."

Hospitali ikachunguza. Kompyuta hutunza jina la kila anayefungua faili, na jina lililokutwa lilikuwa lake. Watu watatu walikalia kiti kile siku hiyo. Hakuna aliyekiri, na kompyuta haijui sura ya mtu. Alisimamishwa miezi miwili bila mshahara.

Lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Wifi aliacha kuja kuchukua dawa.

"Nimemfuata mpaka miguu imechoka. Ananijibu, 'Wifi, bora nife na yangu kuliko nipone niwe gumzo.' Huku namwona anakwisha."

Aliporudi kazini alimwendea fundi wa kompyuta na ombi moja: faili lile wabaki nalo daktari na muuguzi wanaomtibu wifi tu, na yeye mwenyewe afungiwe. Fundi alicheka. Alipomwona hacheki, akalifunga.

Jana Kufuli alimtumia wifi yake ujumbe: "Kesho ni kliniki. Njoo ujionee mwenyewe."

Ndiyo maana tangu asubuhi jicho lake haliachi mlango. Karibu na saa nne, mwanamke mwembamba mwenye koti la kijivu anaingia na kusimama mwisho wa foleni. Kufuli anakosea kuandika jina la mgonjwa aliye mbele yake, anafuta, anakosea tena.

Zamu ya wifi inafika. Hakuna salamu.

"Fungua faili langu."

Kufuli anaingiza namba. Maandishi mekundu yanatokea: huna ruhusa. Anamgeuzia skrini. Wifi anainama mpaka paji la uso linagusa kioo cha dirisha.

"Jaribu tena."

Anajaribu. Mekundu yale yale.

"Na daktari je?"

"Yeye anaona. Mimi naweza kukupanga kwenye foleni yake tu, wifi."

Wifi anayasoma tena maandishi yale, neno kwa neno. Nyuma yake mzee mmoja anakohoa kwa makusudi.

"Basi nipange."

Anakwenda kukaa kwenye benchi la mlango wa daktari, mkoba mapajani. Kufuli anajifuta macho kwa mkono wa sare, haraka, kama aliyeingiwa na vumbi.

"Naomba arudi na mwezi ujao," anasema kwa sauti ya chini. "Akitaka nijaribu tena mbele yake, nitajaribu. Kila akija, nitajaribu, na kila nikikataliwa nitashukuru."