Niliyemshikia Ngazi Mowlem

Mwanamume niliyemshikia ngazi kule mtaa wa Mowlem alikuwa amekufa miaka ishirini na minane kabla. Haikuwa usiku. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosini. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize.

Nina mazoea ya kuzunguka mitaa ya Eastlands kila Jumamosi nikitafuta michoro ya ukutani. Naandika kila kitu kwenye daftari: mtaa, ukuta, rangi, kilichochorwa. Nimeona twiga amevaa miwani kwenye choo cha umma, na huko Kware nimeona ngazi za ghorofa sita zilizogeuzwa mto wenye samaki. Nikipata mpya, wiki yangu nzima huwa njema.

Lakini kuna sura moja ambayo sikuwahi kuiona popote: ya baba yangu. Alikuwa mchoraji wa vibao vya vinyozi na bucha. Alifariki nikiwa na miaka miwili, na baadaye chumba chetu kikaungua na picha zote. Mwaka jana Mama aliniambia, akikuna nazi, bila kuinua macho, "Mwanangu, nimeanza kusahau pua yake." Ningemkumbushaje sura ya mtu nisiyemjua?

Basi Jumamosi hiyo nikafika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga unga. Mtu mmoja alikuwa juu ya ngazi, amenipa mgongo, akichora uso wa mwanamke mwenye kitambaa cha manjano. Uso ulijaa ukuta mzima. Lilibaki jicho moja tu.

"Kijana, shika hii ngazi. Usiniangushe."

Nikashika. Nikabana daftari kwapani, ila mara kwa mara nilitoa mkono mmoja kuandika.

"Unaandika nini? Wewe ni kanjo, hawa askari wa jiji? Umekuja kunishika?"

"Hapana, mzee. Napenda tu michoro. Huyu mrembo ni wa nani?"

"Wangu." Akacheka. "Jicho huwa nalimaliza mwisho. Jicho lisiloona mtu ni shimo tu la rangi."

Alifanya kazi kwa brashi nyembamba mno, pua karibu iguse ukuta. Nilipomwambia naenda kumletea maji, alisema, "Nenda. Na umwambie aangalie kwa karibu."

"Nimwambie nani?"

Akachovya brashi yake tena. Niliporudi na chupa ya maji, hapakuwa na mtu wala ngazi. Nikagusa rangi. Ilikuwa kavu kabisa.

Mwenye mashine alinitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa. "Ngazi gani? Mimi nimeukuta mchoro huu asubuhi nikifungua. Tangu hapo sijaona mtu hapo, ila wewe umesimama umeinua mikono."

Jioni nikamwonyesha Mama picha ya mchoro niliyoipiga kwa simu. Akaweka mwiko chini.

"Kitambaa hicho kiliungua na nyumba," akasema. Kisha, polepole, "Huyu ni mimi."

Kesho yake tulitoka kanisani moja kwa moja hadi Mowlem. Nikamweleza yale maneno ya kuangalia kwa karibu. Kinyozi wa jirani akatuazima benchi, na Mama akapanda na viatu vyake vya kanisani.

"Mama, ukianguka nitakunyoa bure!" kinyozi akapiga kelele.

"Nyoa kwanza hicho kidevu chako," Mama akamjibu, na watu wakacheka.

Kisha akasogeza uso karibu na lile jicho. Nikapanda nami. Mboni ya jicho ilikuwa pana kama sahani, na ndani yake, kama kwenye kioo, palikuwa na mwanamume juu ya ngazi, hazidi kidole changu. Alikuwa ametugeukia. Chini yake kijana ameshika ngazi, daftari kwapani.

"Pua ndiyo hiyo," Mama akasema. "Tazama ilivyopinda! Nilikuwa naipoteza." Alicheka huku analia, na tangu siku hiyo sijamsikia tena akilalamikia magoti yaliyokuwa yakimsumbua.

Mimi nilirudi kwenye daftari langu. Kurasa mbili nzima: aina ya brashi, makopo manne, urefu wa ukuta. Kuhusu uso wa mchoraji, hata neno moja. Nilisimama chini ya baba yangu nusu saa nikitazama ukuta. Kwa hiyo nakuonya wewe unayepita mitaani na simu mkononi: mtu akikuomba umshikie ngazi, mshikie, lakini kwanza mwambie ageuke umwone.

Bado tunaenda kila Jumapili. Mama humpa habari za wiki, bei ya unga, nani kaoa. Mimi nahesabu, maana ndiyo tabia yangu. Jumapili ya kwanza yule mtu alisimama kwenye kipandio cha saba. Mwezi uliofuata, cha sita. Nilidhani nimekosea, nikapiga picha, nikalinganisha. Sikukosea. Anashuka.

Nilimwambia Mama. Hakushtuka hata kidogo. "Mwache," alisema. "Siku zote alikuwa mtu wa polepole. Wewe shika ngazi tu."

Jumapili iliyopita alikuwa kwenye kipandio cha pili. Na Mama amenunua kitambaa cha manjano.